Dawa Ikishaingia Jichoni

Mwaka 1855 mjini Zürich, daktari kijana kutoka Kassel aitwaye Adolf Fick alikuwa akishughulika na chumvi. Alichukua mrija wa kioo, mwisho wa chini akauunganisha na chombo chenye chumvi tele, wa juu akauzamisha ndani ya maji safi, kisha akasubiri. Chumvi ilipanda yenyewe bila kukorogwa, taratibu mno, mpaka kiasi kilichoingia chini kikawa sawa na kilichotoka juu. Hapo alining'iniza kigololi cha kioo kwenye mkono wa mizani, akakiteremsha ndani ya mrija hatua kwa hatua huku akisoma uzito. Penye chumvi nyingi kigololi kilielea zaidi na mizani ikasoma kidogo. Penye chumvi haba kilionekana kizito. Kwa kigololi hicho alijua ukolezi wa chumvi katika kila kina bila kuchota hata tone moja, na akaona kwamba ndani ya mrija ulionyooka ukolezi hupungua kwa mstari ulionyooka.

Hesabu ya kueleza jambo hilo aliiazima kwa Joseph Fourier, Mfaransa aliyeandika mwaka 1822 jinsi joto linavyosafiri ndani ya chuma. Fick alisema chumvi nayo hufuata mtindo uleule: hutoka palipokolea kwenda palipopungua, na kadiri tofauti inavyokuwa kali ndivyo inavyokwenda kwa wingi. Mwendo huo huitwa mtawanyiko. Leo modeli nyingi za kompyuta zinazofuata dawa ndani ya jicho zina mlinganyo wake ndani yake.

Jicho lenyewe halikuwa geni kwake. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoitoa Marburg mwaka 1851, ilihusu kasoro ya kuona iitwayo astigmatizimu. Jina lake limo pia katika kanuni ya Imbert na Fick, msingi wa kile kifaa ambacho daktari hukigusisha kwenye jicho ili kupima presha. Mtoto wa nduguye, Adolf Eugen Fick, ndiye aliyeeleza mwaka 1888 lenzi za kioo za kuvaliwa juu ya jicho lenyewe. Hata hivyo chumvi ya mrijani na dawa ya macho zilikaa mbalimbali kwa karne nzima na zaidi.

Mlinganyo wa pili ulitoka kwa mtu ambaye hakuwa na habari kabisa na macho. Henry Darcy alikuwa mhandisi wa maji wa mji wa Dijon, Ufaransa. Alitaka kujua maji hupita kwa kasi gani ndani ya mchanga, ili mji upate vichujio vya kutosha. Alisimamisha bomba la chuma katika hospitali ya mji, akalijaza mchanga, akasukuma maji kwa shinikizo mbalimbali na kupima yaliyotoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1856 ndani ya kitabu kinene kuhusu mabomba ya umma ya Dijon, yakiwa yamewekwa kwenye nyongeza. Kanuni ya mchanga ule ndiyo inayotumika sasa kukadiria jinsi maji yanavyojipenyeza taratibu kwenye ute uliojaa ndani ya jicho.

Hapa inabidi jicho lenyewe lielezwe kidogo. Mbele kuna konea, kioo chembamba kisicho na mishipa ya damu. Nyuma yake kuna chumba chenye maji safi, kiasi cha robo ya mililita, yanayotengenezwa na kutoka kwa kasi ya mikrolita 2 hivi kila dakika. Kisha inakuja lenzi. Nyuma ya lenzi kuna chumba kikubwa kilichojaa ute mwangavu, takriban mililita 4 kwa mtu mzima, ambao asilimia 98 au 99 yake ni maji. Kinachobaki ni nyuzi chache za kolajeni na asidi ya hialuroni. Asidi hiyo iligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer huko New York, na waliipata ndani ya macho ya ng'ombe. Mwisho kabisa nyuma imebandikwa retina, inayopokea mwanga. Magonjwa mengi yanayopofusha watu wazima hivi sasa, likiwemo lile linaloletwa na kisukari, yanakaa huko nyuma.

Dawa, kwa muda mrefu, zilibisha hodi mbele tu. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna aligundua kwamba tone la kokeini hulifisha jicho ganzi. Alilijaribu kwa chura, kwa sungura, kwa mbwa, kisha kwake mwenyewe. Nauli ya kwenda kwenye mkutano wa madaktari wa macho Heidelberg hakuwa nayo, kwa hiyo karatasi yake ilisomwa na mwenzake mwezi Septemba mwaka huo. Upasuaji wa macho ulibadilika ndani ya wiki chache. Lakini kokeini ilikuwa na bahati: ilichotakiwa kukifikia ni konea, na konea iko mlangoni. Tone la kawaida lina mikrolita 30 hadi 50, na jicho haliwezi kushika zaidi ya 30 hivi. Linalozidi humwagika shavuni au kushukia puani, ndiyo maana mtu anayetiwa dawa ya macho huonja uchungu kooni. Katika kile kinachobaki, kinachoingia chumba cha mbele mara nyingi hakifiki asilimia 5. Kinachofika kwenye retina hakina maana.

Njia ya damu nayo imefungwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi wa Ujerumani waliona kwamba rangi iliyochomwa kwenye mishipa ya mnyama hupaka viungo vingi lakini haiingii ubongoni, wala retina haipakwi. Katika miaka ya 1960 Mreno José Cunha-Vaz alieleza sawasawa ukuta huo ulivyo: seli za mishipa ya retina zimeshonana kiasi kwamba vitu vingi havipenyi. Basi jicho limejengewa ngome, mbele na nyuma, na mtu anayetaka kutibu retina anabaki na njia moja isiyopendeza kusikia, nayo ni kuchoma sindano moja kwa moja ndani ya ute. Penisilini ilichomwa hivyo katika miaka ya 1940. Katika miaka ya 1970 madaktari walianza kutumia njia hiyo kwa mpangilio kutibu usaha ndani ya jicho.

Sindano inachukua sekunde chache. Maswali yanayoifuata ni magumu. Dawa inaelekea wapi? Inakaa siku ngapi? Inatokea mlango wa mbele, pamoja na yale maji ya chumba cha kwanza, au inatokea nyuma kupitia retina? Kwa damu mambo ni rahisi: daktari anachota damu kila saa na kupima. Kwa jicho la mtu aliye hai haiwezekani kuchota ute kila saa. Kila kuchota kunajeruhi na kubadilisha kile kile kinachopimwa.

Mtu aliyeyashughulikia maswali haya kwa ukaidi kuliko wote alikuwa David Maurice, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1922, aliyefanya kazi London, kisha Stanford, na mwishoni New York. Alikuwa mwanafizikia wa jicho kwa kila maana ya neno. Mwaka 1957 alieleza kwa nini konea ni angavu wakati ngozi, iliyofumwa kwa nyuzi za jamii moja, si angavu. Uzeeni alidai kwamba macho huzungushwazungushwa usingizini wakati wa ndoto ili kukoroga maji ya mbele na kuipatia konea oksijeni. Wanasayansi wa usingizi hawakulipokea dai hilo kwa shangwe, lakini mtu anaweza kuona lilikotoka: Maurice alikuwa ameishi maisha yake yote akijiuliza ni nini kinachotembea ndani ya jicho, na kwa kasi gani.

Chombo chake kikuu kilikuwa fluoresini, rangi iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871, ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kijani. Paul Ehrlich alikuwa ameichoma ndani ya sungura mwaka 1882, akaona mstari wa kijani ukisimama wima katikati ya chumba cha mbele cha jicho. Mstari huo ulikuwa dalili kwamba maji ya mle ndani yana mzunguko wake. Miaka 120 baadaye Jeffrey Heys na Victor Barocas waliuiga mzunguko huo kwa kompyuta: iris, ile pete yenye rangi nyuma ya konea, ina joto la mwili, konea imepoa kwa hewa ya nje, kwa hiyo maji hupanda upande wa iris na kushuka upande wa konea. Hesabu yao ilieleza hata kwa nini baadhi ya wagonjwa hupata michirizi wima ya rangi nyuma ya konea.

Maurice na Cunha-Vaz walionyesha mwaka 1967 kwamba retina haikai tu kama ukuta. Ina pampu. Fluoresini iliyochomwa ndani ya ute ilikuwa inatolewa nje kwa nguvu, hata kuelekea upande ambao kwa kanuni ya Fick peke yake isingeelekea. Baadaye, mwaka 1991, Makoto Araie na Maurice walichapisha kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo mlango ambao kompyuta iliingilia. Walichoma macho ya sungura kwa fluoresini na kwa rangi nyingine mbili zilizo jamaa yake. Muda uliopangwa ulipofika, macho yaligandishwa, yakakatwa vipande, na mng'ao wa kila sehemu ukapimwa. Kutokana na vipimo hivyo walichora mistari inayounganisha sehemu zenye ukolezi sawa, kwa namna ile ile ramani ya milima inavyochora mistari ya mwinuko.

Ramani hizo zilisema mengi. Rangi inayotokea nyuma kupitia retina iliacha mistari inayofuata mviringo wa retina, na ukolezi mkubwa zaidi ukabaki nyuma ya lenzi. Rangi isiyoweza kupita retina ililazimika kurudi mbele, na mistari yake ikaizunguka lenzi. Bila kuona njia yenyewe ungeweza kujua dawa imetokea wapi kwa kuangalia mchoro iliouacha. Tatizo ni kwamba kila ramani iligharimu macho ya wanyama, nayo ilionyesha saa moja tu ya safari ndefu.

Hesabu za dawa mwilini zilikuwapo tayari, ila za aina nyingine. Mwaka 1937 Torsten Teorell wa Uppsala, Uswidi, alikuwa ameugawa mwili katika vyumba vichache na kuandika milinganyo ya dawa inavyotoka chumba kimoja kwenda kingine. Katika hesabu hizo jicho ni mtungi wenye tundu: dawa imo, inavuja, kila baada ya muda fulani inabaki nusu. Mbinu hiyo ni nzuri kwa kiungo ambacho dawa huchanganyika upesi. Ute wa jicho hauchanganyiki upesi. Molekuli ndogo kama fluoresini, ikiachiwa itembee yenyewe, inahitaji karibu siku nzima kwenda sentimita 1. Kwenda milimita 1 inahitaji kama robo saa, kwa sababu muda hukua kwa mraba wa umbali: umbali mara 10, muda mara 100. Protini kubwa ya kingamwili hutumia siku nyingi kwa sentimita ile ile. Kwa hiyo dawa iliyodondoshwa nyuma ya lenzi na dawa iliyodondoshwa karibu na retina ni mambo mawili tofauti, na mtungi wa Teorell hauwezi kuyatofautisha.

Kilichohitajika ni hesabu inayojua mahali. Wahandisi wa ndege walikuwa nayo. Mwaka 1956 kundi la watu wanne, wakiwemo wahandisi wa Boeing na profesa Ray Clough wa Berkeley, lilichapisha njia ya kukata umbo gumu, kwa mfano bawa, katika vipande vidogo sana, kuandika mlinganyo mwepesi kwa kila kipande, kisha kuiachia kompyuta iunganishe vyote. Kompyuta za wakati huo zilijaza chumba. Kufikia miaka ya 1990 kazi hiyo iliweza kufanywa juu ya meza.

Japani ilianza mapema. Kakuji Tojo na Akira Ohtori walichapisha mwaka 1994 modeli ya dawa iliyochomwa ndani ya ute, wakilichukulia jicho kama silinda, na wakalinganisha hesabu na vipimo vya maabara. Silinda si jicho, lakini ni hesabu inayofanyika. Miaka mitatu baadaye Stuart Friedrich, Yu-Ling Cheng na Bradley Saville, watu wa uhandisi wa kemia Chuo Kikuu cha Toronto, walilichora jicho la sungura kwa umbo lake: lenzi yake kubwa inayobana nafasi, ute uliobaki nyuma, retina iliyopinda. Wakalikata vipande, wakaweka kanuni ya Fick ndani ya kila kimoja, wakaweka masharti kwenye mipaka, yaani retina inapitisha kiasi gani, lenzi haipitishi, mbele kunaoshwa na maji. Halafu wakachukua zile ramani za Araie na Maurice na kubadilisha upenyevu wa retina ndani ya kompyuta hadi ramani ya hesabu ilipolingana na ramani ya jicho lililogandishwa.

Ndivyo walivyopata namba ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameipima moja kwa moja: retina hupitisha kila rangi kwa urahisi kiasi gani. Fluoresini ilipita kwa wepesi mno kuliko nduguye mwenye sukari mgongoni, mojawapo ya zile rangi mbili jamaa yake, sawasawa na pampu iliyoonekana mwaka 1967. Mwaka huo huo wa 1997 walifanya jambo la pili, dogo kwa maelezo lakini zito. Walibadilisha umbo, kutoka jicho la sungura kwenda jicho la mtu, na wakaisogeza ncha ya sindano ndani ya kompyuta: katikati, karibu na retina, nyuma ya lenzi, pembeni mbele. Kila mahali ukolezi ulioifikia retina ulitofautiana sana na mwingine. Walibadilisha pia kiasi cha maji ya sindano, kisha hali ya jicho lisilo na lenzi.

Aliyezoea kusoma ripoti za maabara za miaka ile angepaswa kukaa chini aliposoma matokeo hayo. Watafiti wengi walikuwa wameripoti dawa ilivyoisha katika macho ya sungura bila kutaja ncha ya sindano ilisimama wapi. Tofauti walizozihesabu kama tofauti za mnyama na mnyama huenda zilikuwa tofauti za mkono wa mchomaji. Isitoshe, sungura mwenyewe alikuwa na lake. Katika hadithi zetu Sungura humlaghai Fisi, Simba na Tembo. Maabarani aliwalaghai maprofesa. Ute wake ni mililita 1.5 hivi, na kutoka katikati yake hadi retina ni karibu. Kwa kuwa muda hufuata mraba wa umbali, dawa humtoka haraka kuliko inavyomtoka mtu. Ranibizumabu, ambayo tutaifikia punde, hupungua hadi nusu kwa takriban siku 3 ndani ya sungura. Ndani ya mtu makadirio ni siku 7 hadi 9. Anayepanga ratiba ya sindano za binadamu kwa saa ya sungura ataichoma mara nyingi kupita kiasi.

Mwaka 2000 kundi la Barocas na Theodore Randolph lilirudi kwenye macho ya ng'ombe, kama Meyer na Palmer, na kumleta Darcy jichoni. Walipima jinsi maji yanavyopenya kwenye ute wa ng'ombe, wakapima pia rangi inavyoenea ndani yake, kisha wakaandika hesabu yenye vyote viwili. Kwa panya mdogo mkondo wa maji haukuwa na uzito wowote. Kwa mtu ulibeba karibu asilimia 30 ya dawa, na walionya kwamba kwa molekuli kubwa, zinazoenea taratibu, sehemu ya mkondo ingekua. Vivyo hivyo kwa jicho lenye presha kubwa. Panya, sungura, mtu: hesabu ilikuwa ile ile, ila kila mwili ulikuwa na jibu lake. Paul Missel wa kampuni ya Alcon, Texas, aliendeleza jambo hilo mwaka 2002, na miaka 10 baadaye akachora macho ya sungura, nyani na binadamu kwa umbo lao halisi na kuyaweka kwenye kompyuta bega kwa bega.

Mpaka hapo hii ilikuwa kazi ya watu wachache. Kilichoifanya ihitajike ni protini moja. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara wa kampuni ya Genentech alitenga VEGF, protini inayoamuru mishipa mipya ya damu iote. Katika retina ya mzee mwenye ugonjwa wa kuchakaa kwa kitovu cha kuonea, na ya mgonjwa wa kisukari, mishipa hiyo huota mahali pasipofaa, ikavuja, na mtu akapoteza uwezo wa kuona. Dawa ya kuizima ilikuwepo: bevacizumabu, kingamwili kamili iliyoidhinishwa Marekani Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Lakini kwa jicho Genentech iliamua kutengeneza kipande tu cha kingamwili, chenye thuluthi moja hivi ya uzito wake. Moja ya sababu ilikuwa jaribio la nyani lililochapishwa mwaka 1999: kingamwili kamili waliyoitumia ilionekana kukwama kwenye utando wa ndani wa retina, ila kipande kilipenya. Kipande hicho ndicho ranibizumabu, iliyoidhinishwa Juni 2006 kwa bei ya dola 2,000 hivi kwa sindano moja.

Mwaka mmoja kabla, mjini Miami, Philip Rosenfeld hakusubiri. Alichukua ile dawa ya saratani, kingamwili nzima, akaichoma jichoni kwa kiasi kidogo mno. Uvimbe wa retina ulishuka. Kichupa kimoja cha saratani kiliweza kugawanywa katika sindano nyingi ndogo, kila moja ikigharimu sehemu ndogo ya bei ya ile nyingine. Mwaka 2011 jaribio kubwa lililogharimiwa na serikali ya Marekani lilionyesha kwamba dawa hizo mbili huokoa uwezo wa kuona kwa kiwango kinacholingana, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka bevacizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa kliniki za macho zenye bajeti finyu, zikiwemo za kwetu, huo ulikuwa uamuzi wa maana kuliko karatasi yoyote ya hesabu. Vipi kuhusu utando wa nyani? Kilichozuilika kwa kingamwili moja kwa mnyama mmoja kilichukuliwa kuwa sheria kwa kingamwili zote. Hiyo ndiyo hatari ya namba moja ya upenyevu inapoingizwa ndani ya modeli na kuachwa humo bila kuulizwa tena.

Sindano sasa zilikuwa mamilioni kila mwaka, na swali lilikuwa la siku: mgonjwa arudi baada ya muda gani? Kila safari ni nauli, ni ndugu wa kumsindikiza, ni hatari ndogo ya vijidudu kuingia. Watafiti wa Bonn walipata njia ya kupima binadamu bila kumdhuru zaidi: wagonjwa waliokuwa wamepangiwa kutolewa mtoto wa jicho walichomwa dawa siku kadhaa kabla, na daktari alipofungua jicho kwa upasuaji alichukua maji kidogo ya chumba cha mbele. Kila mgonjwa alitoa nukta moja tu. Nukta zikiunganishwa zilitoa mteremko. Kwa bevacizumabu nusu ilikuja baada ya siku 9.8, kwa ranibizumabu siku 7.2. Lakini walichopima ni maji ya mbele. Kujua ute wa nyuma una kiasi gani kunahitaji modeli, kwa hiyo hesabu ikawa sehemu ya kipimo chenyewe.

Huko Oxford, Laurence Hutton-Smith na wenzake, wakishirikiana na kampuni ya Roche, walitengeneza mwaka 2016 modeli ndogo yenye vyumba vitatu tu, retina, ute na maji ya mbele, wakaiongezea VEGF yenyewe: inavyozalishwa, inavyonaswa na dawa, inavyorudi dawa ikiisha. Ni kama walimrudia Teorell, ila kila tundu la mtungi sasa lilikuwa na maelezo ya kifizikia. Kutokana nayo walionyesha kwamba muda wa dawa kupungua nusu hutegemea ukubwa wa molekuli na mraba wa ukubwa wa jicho. Sungura alikuwa amepatiwa hatimaye kiwango cha kubadilishia.

Kuna mambo ambayo modeli hizi zilichelewa kuyashika. Ute wa kijana umeganda. Wa mzee huyeyuka sehemu kwa sehemu ukawa majimaji, na wagonjwa wa sindano hizi ni wazee. Jicho halitulii pia. Huruka kutoka neno hadi neno mtu anaposoma, mara kadhaa kwa sekunde. Mjini Genova, Italia, Rodolfo Repetto na wenzake walichonga tundu la mviringo ndani ya plastiki angavu, wakalijaza gliserini, wakalifunga kwenye mota inayoongozwa na kompyuta na kulizungusha kwa mtindo wa jicho linalosoma. Chembe zilizotiwa humo zilionyesha mikondo yenye nguvu ya kuchanganya. Katika jicho la mzee, ambaye ute wake umekwisha kuyeyuka, usomaji wa gazeti huenda unakoroga dawa kuliko mtawanyiko wa Fick unavyoieneza. Maurice, aliyefariki mwaka 2002, angefurahi.

Mambo mengine hayamo kabisa. Brolucizumabu, mojawapo ya protini ndogo zaidi za kuzima VEGF, iliidhinishwa Oktoba 2019 kwa matumaini kwamba ingepenya vizuri na dozi yake ingekuwa kubwa. Mwanzoni mwa 2020 madaktari wa retina wa Marekani walitahadharishwa: baadhi ya wagonjwa walipata uvimbe wa mishipa ya retina, wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Milinganyo ya mtawanyiko haina kinga ya mwili ndani yake.

Tunabaki na hesabu ya ratiba, na humo namba ni kali. Dawa inapopungua kwa nusu kila siku 9, kuongeza dozi mara 2 kunanunua siku 9. Kuongeza mara 4 kunanunua siku 18, si zaidi. Aflibercepti ya miligramu 8, dawa nyingine ya kuzima VEGF iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2023, ina dozi mara 4 ya ile ya zamani, na maji yake ni mililita 0.07 badala ya 0.05, kwa sababu jicho haliwezi kupokea mengi kwa mkupuo bila presha kupanda. Ukitaka miezi badala ya wiki, kuongeza dozi hakutoshi. Inabidi dawa iachiliwe kidogo kidogo. Oktoba 2021 Marekani iliidhinisha kifaa kidogo kinachopandikizwa kwenye ukuta wa jicho, kinachojazwa ranibizumabu mara 2 kwa mwaka, nacho huivujisha kwenye ute kwa kasi iliyopangwa, kwa kanuni ile ile ya mrija wa Zürich. Mwaka uliofuata kiliondolewa sokoni. Mtawanyiko ulikwenda kama ulivyohesabiwa. Kilichokorofisha ni kizibo ambacho sindano hukitoboa kila kifaa kinapojazwa upya, ambacho kwenye baadhi ya vifaa kilikuwa kinachomoka. Kizibo kilirekebishwa, na mwaka 2024 kifaa kikarudishwa kwa wagonjwa.